Msiba wa Kujitakia wa Kampuni Kubwa za Gemu

Kampuni kubwa za gemu zinalia kwamba wateja wamepoa. Taarifa zao kwa wenye hisa zimejaa visingizio: maisha yamepanda, vijana wamehamia kwenye video fupi za simu, soko limerudi kawaida baada ya korona. Tumezipima sababu hizo na kuziona nyepesi. Mteja yupo, na hamu ya kucheza haijamtoka. Alichokataa ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia kwa dola 70, na kukataa huko ni haki yake.

Tuanze na kesi iliyo wazi kuliko zote. Agosti 23, 2024, Sony iliingiza sokoni Concord, gemu ya kurushiana risasi, watano kwa watano, iliyotengenezwa na Firewalk, studio ya Marekani ambayo Sony ilikuwa imeinunua mwaka uliotangulia. Kazi ya kuiunda ilikuwa imekula miaka na miaka. Kwenye Steam, duka kubwa kuliko yote la gemu za kompyuta, idadi ya juu kabisa ya watu waliowahi kuicheza kwa wakati mmoja ilikuwa 697. Dar es Salaam kuna harusi zilizowahi kukusanya watu wengi kuliko hao. Septemba 6 seva zikazimwa, wanunuzi wakarudishiwa pesa zao, na Oktoba studio yenyewe ikafungwa. Desemba, filamu fupi ya katuni iliyosimulia hadithi ya Concord, ikiwa sehemu ya mfululizo wa Secret Level wa Amazon, ilitoka kama ilivyopangwa. Marehemu alishazikwa, kadi za mwaliko ndiyo kwanza zinagawiwa.

Concord haikuwa mbovu. Hata wakosoaji wengi walikiri kwamba ufyatuaji wake ni mzuri. Kosa lilitendeka mapema zaidi, kwenye vyumba vya vikao. Viongozi wa Sony walikuwa wameahidi gemu 12 za aina hiyo kufikia Machi 2026: gemu zisizo na mwisho, zinazoishi mtandaoni na kumtoza mchezaji kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Waliona Fortnite inavyovuna, wakataka Fortnite zao, tena dazeni nzima. Novemba 2023 wakaipunguza hesabu hiyo hadi 6. Desemba mwaka huo huo Naughty Dog, studio yao yenye heshima kubwa, ikatangaza kuitupa gemu ya mtandaoni ya The Last of Us iliyokuwa imeifanyia kazi kwa miaka kadhaa. Concord ilisalimika kwenye panga hilo, ikaja kuuzwa dola 40 mahali ambapo Overwatch 2, Valorant na Apex Legends zilikuwa zinachezwa bure na kila mmoja ameshajenga urafiki wake humo.

Hesabu yenyewe haikuhitaji shahada. Gemu ya namna hiyo inamtaka mchezaji kila jioni, na mtu ana jioni moja tu kwa siku. Takwimu ambazo Steam yenyewe ilizitoa za mwaka 2024 zilionyesha kwamba asilimia 15 tu ya muda wa wachezaji wake ulikwenda kwenye gemu zilizotoka mwaka huo. Muda uliobaki ulikwenda kwenye gemu za zamani, baadhi zikiwa na umri wa miaka minane na zaidi. Wenye kampuni wanazisoma takwimu hizi kama dalili ya uvivu wa mteja. Sisi tunazisoma kama cheti cha gemu za zamani: zilikamilika, zinafanya kazi, na hazimpigii mtu kelele anunue kofia ya mhusika kila anapowasha.

Kuiga Fortnite huku ni uoga wa kujaribu kitu kipya, na uoga huo umetokana na gharama. Kampuni hizi zilikuwa na desturi ya kuzificha, lakini Juni 2023, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft, Sony iliwasilisha mahakamani nyaraka zilizofutwa kwa kalamu nyeusi. Kalamu haikukoleza. Nyaraka zilipopitishwa kwenye skana, tarakimu zikaonekana chini ya wino: The Last of Us Part II iligharimu dola milioni 220, na Horizon Forbidden West dola milioni 212. Miezi michache baadaye wadukuzi waliiba mafaili ya studio ya Insomniac, na humo ikaonekana kwamba Spider-Man 2 imefika karibu dola milioni 300. Shawn Layden, aliyewahi kuongoza studio za PlayStation, alikuwa ameonya tangu 2020 kwamba gharama zinaongezeka maradufu kwa kila kizazi cha mashine na kwamba mwendo huo hauwezi kuendelea. Hakusikilizwa.

Maji yakizidi unga, mpishi mwenye akili huacha kumimina. Hawa walizidi kumimina. Ubisoft ilitumia zaidi ya miaka kumi kuitengeneza Skull and Bones, gemu ya maharamia, ikaiahirisha mara nyingi, ikaitoa Februari 2024. Mkurugenzi mkuu wake, Yves Guillemot, alipoulizwa kuhusu bei ya dola 70, aliitetea kwa kuipandisha cheo: gemu kubwa katika lugha ya biashara hiyo ni za A tatu, yeye akasema hii ni ya A nne. Wanunuzi waliiangalia, wakapita. Katika biashara yoyote, bidhaa ikianza kusifiwa kwa ukubwa wa gharama ya kuitengeneza, ujue sifa nyingine zimekosekana.

Warner Bros. nayo ilitoa Suicide Squad: Kill the Justice League mwezi huo huo, na kufikia Mei ilikuwa imetangaza kwenye mahesabu hasara ya dola milioni 200. Studio iliyoitengeneza, Rocksteady ya London, ndiyo iliyojenga jina kwa gemu za Batman za mchezaji mmoja zilizopendwa dunia nzima. Ikaelekezwa kwenye kazi ambayo hakuna shabiki wake aliyeiomba. Na la kustaajabisha zaidi ni kwamba gemu iliyouza kuliko zote mwaka 2023 ilikuwa ya Warner hao hao: Hogwarts Legacy, gemu ya mchezaji mmoja, yenye mwanzo na mwisho, isiyomdai mtu kitu baada ya kununua. Machi 2024, wakati Suicide Squad imeshaanguka, mmoja wa wakuu wa Warner aliwaambia wawekezaji kwamba kampuni itazidi kuelekea kwenye gemu za mtandaoni zisizo na mwisho na za simu. Mtu akiona mti mmoja umezaa na mwingine umekauka, kisha akaagiza maji yote yapelekwe kwenye uliokauka, hatumwiti mfanyabiashara.

Msomaji wetu wa Mwanza, Mombasa au Kampala atauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Ingia banda lolote la gemu mtaani. Kuna runinga mbili au tatu, viti vya plastiki, pedi ambazo mpira wa vifimbo vyake umelika kwa vidole gumba, na sheria moja isiyoandikwa: aliyefungwa anaachia pedi. Pesa inalipwa kwa mechi. Gemu inayolisha banda hilo ni ya mpira, ile iliyokuwa ikiitwa FIFA na tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Kila Septemba inatoka nyingine, kwa bei kamili, na kila Septemba mwenye banda anajiuliza ananunua nini zaidi ya jezi mpya na majina ya wachezaji waliohama. Wengi sasa wanaruka mwaka mmoja au miwili, na wateja wao hawalalamiki. Nguvu ya akili ya kampuni iliyoitengeneza ilishahamia kwenye pakiti za kadi za Ultimate Team, ambako mtu analipa pesa halisi bila kujua atamtoa mchezaji gani. Kwa jina la mtaani, huo ni mkeka.

Mpinzani wake wa jadi, PES ya Konami, ambayo ndiyo iliyowalea wengi wa vijana wetu kwenye PlayStation 2, aliuawa na mwenyewe. Mwaka 2021 Konami iliibadili jina ikawa eFootball, na Septemba 30 ikaitoa bure ikiwa na timu chache na nyuso za wachezaji zilizopinda hadi dunia ikacheka. Siku chache baadaye kampuni ikaomba radhi. Radhi haikurudisha kitu. Ushindani wa gemu za mpira ulikufa hapo, na mwenye kubaki peke yake sokoni hana sababu ya kutoka jasho.

Tuje kwenye diski. Mwaka 2022 diski ya PS5 ya Call of Duty: Modern Warfare II ilikuwa na takriban megabaiti 70 tu za data. Tunarudia: megabaiti. Kilichobaki, makumi ya gigabaiti, mnunuzi alitakiwa akipakue mwenyewe. Kwa mtu wa Tokyo mwenye intaneti ya waya isiyo na kikomo hilo ni kero ya saa moja. Kwa mtu anayenunua bando la simu, ni gemu ya pili analipia baada ya kulipia ya kwanza. Anapeleka mashine kwa rafiki mwenye waifai, anaiacha huko usiku kucha, anairudisha nyumbani, na wiki inayofuata linatoka sasisho jingine. Kampuni iliyochapa diski tupu na kuiuza kwa bei ya diski iliyojaa imefanya jambo ambalo Kariakoo lingemletea mwenye duka fujo.

Na hata akishapakua, bado hajamiliki. Machi 31, 2024, Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014 iliyohitaji mtandao hata kwa anayecheza peke yake. Walioinunua kwa pesa taslimu waliamka hawana kitu. Miezi miwili na ushei kabla ya hapo, mkuu wa huduma ya malipo ya kila mwezi ya kampuni hiyo hiyo alikuwa amesema kwamba itabidi wachezaji wazoee kutomiliki gemu zao. Hawakuzoea. Kampeni ya kupinga uzimaji wa namna hiyo, iliyoanzishwa na mtengeneza video wa YouTube Ross Scott baada ya The Crew kuzimwa, ilipita saini milioni moja za raia wa Umoja wa Ulaya Julai 2025. California nayo ilipitisha sheria mwaka 2024 inayolazimisha maduka ya mtandaoni kumweleza mnunuzi waziwazi kwamba anapewa leseni tu.

Kwetu dharau imekwenda mbali zaidi. Mtandao wa PlayStation hauzitambui rasmi Kenya, Tanzania wala Uganda. Mashine zinauzwa madukani mwetu, ushuru unalipwa, lakini mtu akitaka kujisajili lazima adai anaishi nchi nyingine, mathalan Uingereza au Marekani, kisha atafute kadi za zawadi za nchi hiyo kwa bei ya ulanguzi. Mei 2024 Sony ilipotangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wawe na akaunti ya mtandao huo, gemu hiyo iliondolewa sokoni Steam katika nchi zaidi ya 170, za kwetu zikiwemo. Wachezaji duniani waliwaka, Sony ikaliondoa sharti hilo siku chache baadaye. Kampuni isiyomtambua mteja kwa jina la nchi yake haina uso wa kumuuliza kwa nini amepoa.

Mgala muue na haki umpe. Kuna gemu za pesa nyingi zilizopokelewa kwa shangwe. Baldur's Gate 3 ya Larian, studio ya Ubelgiji, ilitoka Agosti 2023 ikiwa kubwa kupindukia, na ikabeba tuzo za mwaka. Lakini Larian ilikuwa imeiweka sehemu ya mwanzo wazi kwa wachezaji kwa karibu miaka mitatu, ikiwasikiliza na kurekebisha, na ilipomaliza haikuweka duka la vikorombwezo ndani yake. Black Myth: Wukong ya China iliuza nakala milioni 10 ndani ya siku 3 mwaka 2024. Bajeti peke yake, kwa hiyo, haitiwi hatiani hapa. Kinachotiwa hatiani ni bajeti iliyochukua nafasi ya wazo.

Na wazo halina bei kubwa. Balatro, gemu ya karata iliyotengenezwa na Mkanada mmoja asiyetaka jina lake lijulikane, ilitoka Februari 2024 kwa dola 15 na kufikia Januari 2025 ilikuwa imeuza nakala milioni 5. Clair Obscur: Expedition 33 ilitengenezwa Montpellier, Ufaransa, na timu ya msingi ya watu wapatao 30, ikauzwa dola 50 Aprili 2025, ikafikisha nakala milioni moja kwa siku 3. Hollow Knight: Silksong, kazi ya kikundi kidogo cha Adelaide, Australia, ilipotoka Septemba 2025 kwa dola 20 iliyaelemea maduka ya mtandaoni hadi yakakwama. Hao ndio wateja wanaosemekana wamepoa.

Wakubwa wanajitetea kwamba gemu zimekuwa rahisi mno. Bei ya dola 60 ilikaa tangu katikati ya miaka ya 2000 hadi 2020, wanasema, huku kila kitu kikipanda. Hoja hii ina ukweli ndani yake na tungeiheshimu kama dola 60 zingekuwa ndiyo mwisho wa malipo. Mwaka 2017 EA ilitoa Star Wars Battlefront II na kumfungia Darth Vader nyuma ya saa nyingi za kuhangaika, huku makasha ya bahati nasibu yakiuzwa pembeni. Ubelgiji ikatamka mwaka uliofuata kwamba makasha ya namna hiyo ni kamari haramu. Mwaka 2024 Ubisoft iliuza toleo la dola 110 la Star Wars Outlaws kwa ahadi ya kucheza siku 3 kabla ya wengine. Wenye PS5 walioitikia waliambiwa, baada ya hitilafu kwenye sasisho, waanze mchezo upya. Yaani aliyelipa zaidi ili atangulie ndiye aliyerudishwa mwanzo. Bei zimepanda muda mrefu, ila zimepandia dirishani.

Wanaolipia makosa haya hawakuyafanya. Januari 2024 Microsoft iliwaachisha kazi watu 1,900 wa kitengo cha gemu, miezi mitatu tu baada ya kukamilisha ununuzi wa Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Mwezi uliofuata Sony ikaondoa 900. Mei, Microsoft ikaifunga Tango Gameworks ya Tokyo, waliotengeneza Hi-Fi Rush, gemu ndogo ya kupendeza ambayo kampuni yenyewe iliisifu hadharani. Kesho yake, kwa mujibu wa taarifa zilizovuja kutoka kikao cha ndani, mkuu wa studio za Xbox aliwaambia wafanyakazi kwamba kampuni inahitaji gemu ndogo zenye kuleta heshima na tuzo. Tumeitafakari kauli hiyo kwa muda na hatujaona namna ya kuitetea. Jambo la heri ni kwamba Krafton ya Korea Kusini iliichukua Tango miezi mitatu baadaye.

Wachezaji nao wana lao la kujibu. Anayelipia gemu miezi sita kabla haijatoka, kwa sababu ya trela ya dakika mbili, ndiye anayewapa hawa jeuri. Cyberpunk 2077 iliagizwa kwa mamilioni kabla ya Desemba 2020, na ilipofika ikiwa imevunjika kwenye PS4, Sony iliiondoa dukani ndani ya wiki moja. Hata hivyo GTA VI, iliyotangazwa kwa Novemba 19, 2026, itakuwa na foleni ya walipaji wa mapema tangu dakika ya kwanza. Tunawaonya wasomaji wetu waiache wiki mbili za kwanza zipite. Gemu haiozi.

Tunazitaka pia mamlaka za kwetu ziache kuliona hili kuwa jambo la watoto. Tume ya Ushindani ya Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Zote zinakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu kile anachonunua. Unga unaandikwa uzito na tarehe ya mwisho. Kasha la gemu linalouzwa Nairobi kwa shilingi 9,000 na zaidi liandikwe, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, gigabaiti ngapi zimo ndani ya diski na ngapi za kupakua, kama inachezeka bila mtandao, kama akaunti inayohitajika inapatikana rasmi nchini, na seva zitawashwa hadi mwaka gani. Muagizaji asiyetaka kuandika arudishe mzigo bandarini. Maandishi hayo yawe tayari kabla gemu mpya ya mpira haijaingia madukani Septemba.